Kito cha Tarehe Moja Januari

Kila ukoo una mtu wake wa kuona majini. Kwetu ni shangazi mmoja wa Mandera, ambaye aliwahi kutoka jikoni mbio bila viatu kwa sababu jini lilimkonyeza kutoka kwenye birika la chai. Tunamcheka mpaka leo. Nakutajia habari zake mapema ili ujue kwamba mtu huyo si mimi. Mimi nafundisha hisabati hapa Garissa, na wanafunzi wangu watakwambia kuwa siamini hata jibu la kitabu mpaka nilikokotoe mwenyewe. Haya nitakayokueleza niliyaona mchana, jua likiwaka, macho yangu wazi, mtoto wangu mapajani. Sikuwa na homa. Sikuwa usingizini. Ukiona ni uongo, shauri yako, ila usiniache njiani, hasa kama kitambulisho chako kinasema ulizaliwa tarehe moja Januari.

Na kama wewe ni mtu wa huku kwetu, bila shaka ndivyo kinavyosema. Nani asiyejua? Siku tuliyokwenda kuandikishwa vitambulisho tulipanga foleni wasichana wa darasa zima. Karani anauliza, umezaliwa lini? Unamwambia mama anasema mvua ilikuwa inanyesha. Anaguna, anaandika tarehe moja Januari, anaita anayefuata. Anayefuata alizaliwa wakati wa kiangazi, siku ngamia mweupe alipopotea. Naye tarehe moja Januari. Basi mwaka mpya ukiingia, simu zote nyumbani kwetu hulia kwa pamoja, kampuni ya simu ikitutakia heri ya kuzaliwa: mimi, mume wangu, mama yangu, wajomba, na hata baba mkwe ambaye hajui ana umri gani. Hooyo, yaani mama yangu, akisikia simu zote zinalia kwa mpigo, huuliza nani amefariki.

Tulikuwa tukilicheka jambo hilo. Siku hizi silicheki.

Mdogo wangu anaitwa Hibo. Anauza mapambo ya wanawake Islii, Nairobi, na simu yake haitoki mkononi. Yeye ndiye aliyeniletea habari za vito vya kuzaliwa. Kumbe kila mwezi una kito chake, na kila kito kina maana yake. Wa Februari ana cha zambarau, cha kumtuliza akili. Wa Mei ana zumaridi, ya mapenzi. Na wa Januari ana garneti, jiwe jekundu lililoiva kama punje ya komamanga, ambalo kwa maneno ya Hibo humlinda msafiri njiani na kumtilia nguvu mwenye damu hafifu.

Wakati huo nilikuwa mjamzito. Nilikuwa nimeshapoteza mimba mbili, na hiyo ya tatu niliibeba kwa hofu, siku baada ya siku, nikiamka usiku kupapasa shuka kama lina damu. Daktari alisema damu yangu ni kidogo. Mume wangu alikuwa Mandera kazini, akipiga simu kila jioni na kuuliza swali lile lile kwa sauti ya kujikaza. Kwa hiyo Hibo aliponitumia garneti kwa basi, ndani ya kijisanduku cha pamba, ungetaka niirudishe? Mtu aliyeogopa kama nilivyoogopa mimi huchukua chochote anachopewa. Nilikuwa namwomba Mungu, nakunywa dawa za hospitali, nakula maini, na nikavaa kito. Niliona hakuna cha kupoteza.

Maelekezo ya kukivaa yalikuja kwa sauti, kwa simu, marefu kuliko hotuba ya Ijumaa.

"Abaayo, skiza vizuri," Hibo alisema, akiniita dada kwa Kisomali. "Usifae na dhahabu, hii inataka fedha. Wengine hufaa bete, mkono wa kulia kama unataka kutoa, wa kushoto kama unataka kubokea. Wewe unataka kubokea mtoto, si ndio? Na usinunue ile imezibwa nyuma. Mgongo iwe wazi, kito iguse ngozi. Kama haigusi ngozi haifanyi kazi, ni urembo tu."

Huyo ndiye Hibo. Miaka yote ya Nairobi haijamtoa ulimi wa Garissa, na akijisahau Sheng nayo huingia. Nilijaribu pete, vidole vikakataa kwa kuvimba. Nikakivaa shingoni basi, kwenye mkufu wa fedha, kimeshikwa na kijikombe kidogo kilicho wazi nyuma. Kilikuwa baridi siku ya kwanza. Baada ya hapo kikawa na joto la mwili wangu, nikasahau kama nimekivaa.

Hooyo ndiye aliyekiona. Mama yangu alikulia nyuma ya mifugo huko Hulugho, hajui kusoma, lakini jicho lake haliachi kitu.

"Hicho cha nani?" aliuliza.

"Changu, Hooyo. Ni kito cha mwezi niliozaliwa. Januari."

"Wewe hukuzaliwa Januari. Ulizaliwa mvua imenyesha mpaka ngamia wanateleza."

"Serikali inasema Januari," nikamtania.

"Serikali ilikuwepo?" akasema. Hakuwa akicheka. "Hicho ni cha mtu mwingine. Kitu cha mtu usikishike muda mrefu, mwenyewe huja kukiulizia."

Nilicheka. Niamini, nilicheka kwa sauti, nikambusu kichwani, nikaendelea na shughuli zangu.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, hospitalini, muuguzi akatazama saa ya ukutani na kuitamka tarehe na saa kwa sauti. Unajua nilifurahia nini, baada ya mtoto mwenyewe? Nilifurahia ile tarehe. Huyu alikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuwa na siku yake mwenyewe, ya kweli. Tulimwita Ifrah. Kila mwanamke aliyekuja kunipongeza nilimtajia siku na saa, hata ambao hawakuuliza. Hooyo alikuwa akikohoa kila nikitaja, au anauliza kama chai imeiva. Nilidhani ni wivu wa kizamani.

Sasa, kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini. Tunaita afartan. Haachwi peke yake na mtoto, uvumba hufukizwa kwenye chetezo asubuhi na jioni, na mtoto hufungwa mkononi kikuku cha manemane. Hooyo alifanya yote hayo. Lakini kito kilibaki shingoni mwangu. Na hebu nikuulize, mama akiinama kumnyonyesha mtoto, mkufu wake hufika wapi? Sikulifikiria hilo. Kila nilipomnyonyesha, lile jiwe lilikuwa likining'inia na kutua pale kwenye utosi, mahali palipo laini, panapodunda. Siku moja nikaona alama ndogo nyekundu hapo. Niliifuta nikidhani ni hina. Haikufutika.

Ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Ifrah alikuwa ananyonya vizuri asubuhi, lakini adhuhuri ikishaswaliwa na mji kunyamaza kwa joto, alikuwa anaacha titi na kutazama nyuma ya bega langu. Si vile watoto wachanga wanavyotazama taa. Alikuwa akifuata kitu kwa macho, taratibu, kutoka mlangoni hadi dirishani. Halafu anatabasamu. Nikigeuka sioni kitu ila pazia. Baadaye akawa hanyonyi mchana kabisa, kisha hata jioni kwa shida. Kliniki walimpima, wakampima tena, wakasema hana homa, hana kidonda mdomoni, lakini uzito unashuka. Shekhe wa mtaa alikuja akamsomea. Jioni hiyo alinyonya mpaka akalewa maziwa, nasi tukalia kwa furaha. Kesho yake mchana akaacha tena.

Mashavu yake yaliingia ndani. Nilikuwa nakaa naye mapajani nikisikiliza pumzi, moja, nyingine, na kati ya moja na nyingine naona kama nimekaa mwaka. Mume wangu alikuwa njiani anakuja. Nilijua ndani ya moyo wangu kwamba mtoto anaondoka, na sikujua anaondoka na nani.

Mchana wenyewe sasa. Hooyo alikuwa nami chumbani kama kawaida. Tukasikia kengele ya punda langoni, mwenye mkokoteni wa maji. Maji yalikuwa yameisha tangu jana, kwa hiyo Hooyo alitoka na mitungi, akaniambia anarudi sasa hivi, akaacha mlango wazi ili anisikie. Nami nilikuwa namsikia yeye, anamgombeza mwenye punda kwa kuchelewa. Kumbuka hilo. Sauti ya mama yangu ilikuwa masikioni mwangu muda wote.

Nilipoinua uso kulikuwa na mwanamke ameketi kwenye mkeka, karibu kabisa, magoti yake yanagusa godoro langu.

Sikushtuka, na mpaka leo sielewi kwa nini. Wageni wa afartan huingia bila kubisha. Alikuwa amevaa dera jeupe na shela jeupe, uso wa duara usio na kunyanzi hata moja, na huwezi kusema ana umri gani. Najua unangoja niseme alikuwa na kwato. Hakuwa na kwato. Subiri.

"Assalamu alaikum, abaayo," nilianza mimi, maana yeye hakusalimu.

Hakuitikia. Alikuwa anamtazama Ifrah, na Ifrah anamtazama yeye, na Ifrah akatabasamu lile tabasamu la mchana.

"Umenivalia," mwanamke alisema.

Alisema kwa Kisomali, nami nakugeuzia kwa Kiswahili, lakini siwezi kukugeuzia ile sauti. Ilikuwa laini, yenye kitembe, sauti ya mtu aliyejifunza kusema kwa kusikiliza watu kutoka nje ya dirisha.

"Nimekuvalia nini?"

Alinyoosha mkono. Kidoleni alikuwa na pete ya fedha, na pale panapokaa kito palikuwa patupu. Akaonyesha shingo yangu.

"Siku yangu," akasema.

Wewe unajua habari za karini? Sisi tumefundishwa kwamba kila binadamu huzaliwa na mwenzake wa kijini, anayemfuata mpaka kaburini. Nilisoma hayo madrasa na kuyasahau, kama unavyosahau majina ya mito ya nchi za mbali. Ila siku ile, nikimsikiliza yule mwanamke, yalinirudia yote.

"Mtu wangu alizaliwa siku hiyo," akasema. "Kwelikweli, si ya kuandikiwa. Alinyonya mara moja, akaenda. Mimi nikabaki. Sisi tunaobaki hatuna pa kukaa. Kisha nikakuona umevaa siku yetu, nikasema, amerudi, amekuwa mkubwa. Nikaja. Lakini wewe una wako." Alitazama nyuma ya bega langu, pale pale alipokuwa akitazama Ifrah, akakunja uso. "Amesimama hapo. Hanipendi."

Wallahi sikugeuka. Ungegeuka wewe? Shingo yangu ilikataa. Nilisikia ubaridi mgongoni mchana wa Garissa, katika joto ambalo mbuzi wanalala chini ya magari.

"Nikasema basi, huyu mdogo," akaendelea, kwa upole, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni. "Huyu na wake hawajazoeana bado. Kito kimenishikisha kichwa chake. Kila mchana nakaa naye, tunacheza. Kimebaki kitu kimoja tu, nimwite kwa siku yake aje. Wenzangu wanasema kila mtu hapa anaijua, umeisema sana. Nami nilikuwa mbali, sikuisikia. Alizaliwa lini?"

Nakwambia ukweli, ile tarehe ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Niliizoea. Nilikuwa nimeitaja kwa kila mtu, na saa yake, na jina la siku. Mdomo ulifunguka wenyewe. Na hapo ndipo macho yangu yaliposhuka kwenye miguu yake.

Aliketi na nyayo zake zimeelekea kwangu. Mtu wa Garissa ana miguu ya mchanga. Hata tajiri, hata bibi harusi. Zile nyayo zilikuwa nyekundunyekundu, zimejaa, laini kama mkate ambao haujaokwa, hazina mstari wala gaga. Ni nyayo za mtu mzima kwa ukubwa, lakini hazijawahi kukanyaga chini. Nilikuwa na nyingine kama hizo mkononi mwangu, ndogo, za Ifrah.

Akili ikafutika yote. Sikuikumbuka Ayatul Kursi, sikulikumbuka jina la mume wangu. Kilichobaki ni kile kinachobaki kwa kila mmoja wetu akiulizwa swali hilo na mtu asiyemjua, shuleni, kituo cha polisi, kwenye vizuizi vya barabarani ambako askari hushusha basi zima. Kikatoka chenyewe.

"Tarehe moja Januari," nikasema.

Akanitazama. Mwenye hisabati atasema, mbona asijue kwamba Januari ilishapita zamani na mtoto bado ana kitovu kibichi? Nami nililifikiria hilo baadaye. Lakini kiumbe ambaye mtu wake aliishi siku moja, miezi angeijulia wapi? Yeye alijua siku moja tu duniani.

"Hiyo ni yangu," akasema.

"Na yake."

"Na wewe?"

"Tarehe moja Januari."

Aligeuza kichwa kuelekea langoni, kwenye sauti ya mama yangu. "Na yule?"

"Tarehe moja Januari."

"Na mwenye punda?"

"Naye pia. Sote. Muulize yeyote mtaani."

"Sote?" akasema. Midomo ikaanza kumtetemeka. "Basi wangu ni yupi?"

"Sijui," nikamwambia, na hilo halikuwa uongo.

Akalia. Sikuwahi kusikia kilio kile kutoka kwa mtu wa kimo chake na naomba nisikisikie tena. Kilikuwa kilio cha mtoto mchanga, kile cha kwanza kabisa, kikavu, bila hata tone la chozi. Na maziwa yangu, ambayo siku hizo yalikuwa yamekaribia kukauka, yakanitoka yenyewe mpaka gauni likalowa. Nilimhurumia. Nisikufiche, kwa muda mfupi nilitaka kumnyooshea mikono. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote, kuliko hata zile nyayo.

Alikamata kidole changu cha shahada kwa kiganja kizima, vile watoto wachanga wanavyokamata, akakiminya kwa nguvu. Mkono wa pili ukaja shingoni mwangu. Nikafumba macho.

"Unaongea na nani?" alisema Hooyo.

Alikuwa mlangoni na mtungi wa maji. Hakuna mwingine chumbani. Nilimrushia maswali: umempisha nani hapo mlangoni, nani ametoka? Hakumpisha mtu. Akaniona nilivyo, akatua mtungi, akarudi mbio langoni kumuuliza mwenye punda, na nilimsikia yule mzee anavyojitetea:

"Mama, hakuna mtu amebita hapa! Bunda yangu imeziba lango yote, mtu angebita wabi?"

Wakati huo Ifrah alikuwa akilia, na alikuwa analia kwa njaa. Mama yeyote anakijua kilio hicho. Nikamweka kifuani, akashika, akanyonya kwa pupa mpaka anapaliwa. Alinyonya titi hili, akahamia la pili. Nilipoinama kumfuta mdomo, mkufu ulining'inia mbele yake kama siku zote. Kile kijikombe cha fedha kilikuwa kitupu. Hakikuvunjika, hakikupinda. Kito hakikuwemo tu. Tulipekua godoro, mkeka, mchanga wa uani. Sikukiona tena.

Nilimweleza Hooyo kila kitu. Alisikiliza bila kunikatiza, akauliza jambo moja tu: ulimtajia siku gani? Nikamwambia. Akashika kichwa changu kwa mikono miwili.

"Basi hiyo ndiyo siku yake," akasema. "Kuanzia leo. Hana nyingine."

Na ndivyo tulivyofanya. Nilipokwenda kuchukua cheti cha kuzaliwa niliomba kiandikwe tarehe moja Januari. Karani, kijana wa kileo mwenye kompyuta, alinitazama kwa masikitiko. Akaniambia mwalimu mzima, mtoto amezaliwa hospitali, mbona mnataka kuturudisha nyuma? Niling'ang'ania, nikasema hospitali walikosea, nikarudi mara nyingi mpaka akachoka nami. Mume wangu hakuelewa vilevile. Yeye alifika akakuta mtoto ananyonya, mashavu yanarudi, akasema alhamdulillahi na kulaumu maji machafu. Nilimwacha alaumu maji. Nilichomwomba ni asiitaje ile siku tena, kwa mtu yeyote, na kwa heshima yangu hajaitaja.

Usiku wa siku ya arobaini, kabla hatujatoka nje na mtoto, nilimuuliza Hooyo swali ambalo nilipaswa kumuuliza zamani. Nilimwambia, mimi nilizaliwa lini? Usiniambie mvua na ngamia.

Alichochea makaa ya chetezo.

"Unadhani mama anaweza kusahau?" akasema mwisho. "Naijua siku, naijua na saa. Mama yangu aliijua yangu. Mnadhani hatukuhesabu kwa sababu hatukusoma."

Akaniinamia, akaninong'oneza sikioni. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho. Nilikuwa mtu mzima, mwenye mtoto, nikalia kama yule mwanamke.

Ifrah sasa yuko chekechea, ana miguu yenye gaga na vumbi kama inavyotakiwa, na anakula kuliko sisi sote. Alama ya utosini imefunikwa na nywele. Kidole changu cha shahada hakijarudi. Kiguse wakati wowote, hata mchana wa Machi, kiko baridi. Naandika ubaoni kwa mkono mwingine. Juzi mwanangu alirudi na hasira kwamba mwenzake amekatiwa keki, yeye lini? Nikamwambia tarehe moja Januari, pamoja na bibi yako, na baba yako, na mji mzima. Alifurahi. Alidhani mji mzima unasherehekea yeye.

Kuhusu Hibo, nilimsihi aache kuuza zile garneti. Alinicheka. "Abaayo, kwa nini niache? Hizi ndio zinaenda! Watu wetu wote ni Januari, wanazichukua kama mandazi!" Aliendelea kuzituma, Eldas, Wajir, hata kambini Dadaab. Halafu siku moja mchana akanipigia simu anahema. Alisema kuna mwanamke amesimama dukani tangu adhuhuri. Hanunui. Ana pete nzuri sana ya kito chekundu, na anamuuliza kila msichana anayeingia, wewe umezaliwa lini? Wakisema tarehe moja Januari anawashika vidole na kuwatazama machoni.

"Tazama miguu yake," nikamwambia.

Nilimsikia akipumua. Simu ikakatika. Siku hizi Hibo anauza mitandio tu.

Kwa hiyo bado anatafuta. Nami ndiye niliyemwambia amuulize yeyote, basi anauliza. Kama umeandikiwa siku ambayo si yako, iache ikae kwenye kitambulisho, hapo haina madhara, na pengine ina faida tusiyoijua. Lakini usiivae. Usiivae kidoleni, usiivae shingoni, na nakuomba kwa jina la Mungu usiiningʼinize juu ya kichwa cha mtoto. Na kama una siku ya kweli, iliyonong'onezwa na mama, inyamazie. Najua utasema, huyu mwalimu ametishika bure. Sawa. Ila mchana ukinyamaza, na mgeni aliyekaa mbele yako hajaitikia salamu, mtazame nyayo kabla hujamjibu lolote.

Na mimi usiniulize nilizaliwa lini. Jibu langu unalijua.